Makopo ya Kimagindanao

Madam wetu wa Al-Safa, mtaa mmoja wa Uarabuni, aliona kwenye simu jiko la mwanamke fulani tajiri, makopo meupe pepepe yamejipanga ukutani, akapenda. Kufika jioni dereva alikuwa ameshaleta makopo kama yale, tele, yote sawasawa, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua chumvi iko wapi. Mimi niliitia kwenye chai ya wageni mara mbili. Mara ya pili ilikuwa makusudi.

Tulikuwa wafanyakazi wa ndani wawili. Mwenzangu alitoka Mindanao, kusini mwa Ufilipino, Mwislamu kama mimi, na lugha yake ilikuwa Kimagindanao, ambayo hata Wafilipino wa nyumba za jirani hawakuielewa. Alinizidi umri, akataka nimwite kaka, maana kwao kaka ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Mimi nimezaliwa Lamu. Ulimi ulikataa kabisa kumwita kaka mwanamke mwenye hina mikononi. Tukakubaliana dada. Tulizungumza Kiarabu cha jikoni, chenye mafi nyingi, yaani hakuna, na vitenzi vichache, na tulielewana vizuri tu.

Alipochoka na vurugu za chumvi, alichukua selotepu ya karatasi na kalamu nene, akayaandika makopo yote. Aliandika Kimagindanao kwa herufi za Kiarabu, kama babu yake alivyomfundisha. Kwao lugha ile ina maandishi mawili: shuleni na serikalini huandikwa kwa herufi za Kizungu, lakini wazee waliandikiana kwa herufi za msahafu, wakaziongezea nukta pale Kiarabu kilipopungukiwa na sauti. Vijana wengi wameshaziacha. Yeye alizishikilia, na alisema hizo za Kizungu ni za kujazia fomu, hazifai kuandikia mchele.

Nilicheka, kwa sababu bibi yangu naye aliandika Kiswahili hivyo hivyo, na alinipiga makofi nilipokosea. Nikawa nasoma kila kopo kwa sauti bila kuelewa hata neno moja, naye ananisahihisha huku anamenya vitunguu. Siku hizo jikoni kulikuwa na raha.

Yeye lakini raha yake haikutimia. Mkataba wake ulikuwa umeisha zamani, mama yake kule Mindanao alikuwa mgonjwa, na pasipoti ilifungiwa kwenye kabati la madam. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni akasema, kwa Kiarabu kilichonyooka, "Madam, nataka kwenda kwetu." Kila mara madam alimjibu kwa upole, kama anamwambia mtoto kwamba peremende zimekwisha, "Baada ya Ramadhani, inshallah." Ramadhani ikaja, ikapita. Ikawa baada ya Hija.

Siku moja dadake madam aliyekuja kutembea aliingia jikoni mwenyewe kutafuta iliki. Alisoma kopo la kwanza, akasoma la pili, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Herufi alizijua, maneno hakuyajua, na juu ya herufi nyingine kulikuwa na nukta tatu mahali ambapo hajawahi kuona Mwarabu akiweka nukta.

"Hii ni sihiri," alimwambia madam. "Na imeandikwa kwa wino usiofutika."

Akapigiwa simu kaka yao, mwalimu wa Kiarabu wa watoto wadogo, ambaye siku za mapumziko huwasomea watu wenye majini. Amri yake ilikuwa kwamba makopo yasiguswe, vizingiti vyote visuguliwe kwa maji ya chumvi, naye atakuja Ijumaa baada ya sala. Ikithibitika, mwandishi atapelekwa polisi. Tatizo ni kwamba chumvi ilikuwa ndani ya kopo. Madam akamtuma dereva akanunue nyingine, na ilipofika hakukuwa na chombo salama cha kuiwekea, ikawekwa bafuni. Wiki ile tulikula wali wa chumvi ya bafuni, na nilipotaka kucheka nilijizuia.

Nilijizuia kwa sababu ya mwenzangu. Sote tulijua kesi ya uchawi katika nchi ile si mzaha. Na aliyeamriwa kusugua vizingiti alikuwa yeye mwenyewe, basi akapiga magoti akasugua uchawi wake mwenyewe utoke nyumbani. Nilimchukia kila mtu katika nyumba ile, pamoja na makopo.

Ijumaa mwalimu akaja. Makopo yalibebwa kwa glavu za oveni hadi sebuleni, yakapangwa juu ya zulia. Akamwambia mwenzangu asome kopo na aseme maana yake kwa Kiarabu. Akasoma, akasema mchele. Mwalimu akafungua kwa ncha ya kalamu; mchele. Akasoma la pili, akasema unga, na kweli ulikuwa unga. Nikaanza kupumua. Akasoma la tatu, akasema sukari. Mwalimu akafungua, akakuta dengu.

"Sukari imegeuka dengu," alisema dadake madam, na akavuta abaya yake mbali na zulia.

Hapo sikuvumilia. Niliwaeleza kwamba sukari iliisha, kopo likabaki tupu, dengu zikatiwa. Kwamba kwetu kopo la maziwa ya unga huwa na sindano na uzi na hakuna anayeitiwa polisi. Nikawaambia herufi za Kiarabu huandika lugha nyingi, hata yangu. Na kuthibitisha hilo nikachukua kalamu nikaandika Kiswahili mbele yao. Madam alinitazama, akamtazama mwenzangu, akasema kwa sauti ndogo, "Wako wawili."

Lakini mwalimu aliichukua karatasi yangu akaisoma. Akakuta kitabu, akakuta sahani, akakuta samaki, maneno ya kwao yote yameharibiwa tahajia, na uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mwalimu aliyepewa daftari chafu. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akanisahihishia karatasi nzima. Kisha akageukia makopo, akazipiga mistari zile nukta tatu zote, moja baada ya nyingine.

"Mafi sihiri," alitangaza. "Ni ujinga tu. Hawa hawajui imla."

Tulihukumiwa kujifunza imla kila Ijumaa. Madam alifurahi mno, akatukumbatia sote, akamwambia mwenzangu kwamba sasa hana sababu ya kuondoka, atakaa mpaka aandike Kiarabu kama mwanafunzi wa darasa la sita. Mwenzangu aliinama akakusanya makopo. Alikuwa ameponea polisi, na safari yake ilikuwa imekufa, na mimi sikujua nimpe pole au hongera. Nilimpa pole.

Siku mbili tatu baadaye, tukiwa tunakaanga sambusa, madam aliingia jikoni akafunga mlango. Hakuwa amejipaka wanja. Baba mwenye nyumba, mumewe, alikuwa Riyadh kwa kazi, na kazi hiyo ilizidi kurefuka. Simu zake zilizidi kufupika. Madam alimwekea mwenzangu karatasi mezani.

"Kaka yangu anafundisha watoto," alisema. "Hajui kila kitu. Niandikie kitu, baba arudi nyumbani."

"Madam, mimi sijui sihiri. Ile ilikuwa mchele."

"Andika tu. Kwa zile herufi zenu, zenye nukta."

Mwenzangu alipunguza moto, akapangusa mikono kwenye aproni, akafikiri. Halafu akasema neno moja, "Pasipoti." Madam hakubisha. Alikwenda kabatini, akarudi nayo, akabonyeza simu yake mpaka viza ya kutoka nchini ikapatikana, akaahidi na tiketi. Hapo ndipo mwenzangu alipokaa kitako na kuandika, mstari mmoja, kwa mkono mzuri, nukta zake zote tatutatu mahali pake.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka getini. Dereva akipakia sanduku, nilimuuliza aliandika nini, maana niliusoma mstari ule na sikuelewa.

"Nataka kwenda kwetu," alisema. "Sina kingine cha kumwambia."

Tukakumbatiana, na mara hii nilimwita kaka, nikalia mpaka dereva akaona haya. Niliporudi ndani nilimkuta madam sebuleni, karatasi ameibana kifuani kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inacheza. Sijawahi kumwona akimsikiliza mtu kwa makini namna ile.