Kikombe cha Kuonjewa

Nyumbani kwetu Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mama hakumpa mgeni kinywaji kabla ya kukionja yeye mwenyewe. Alimimina, akanywa funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa, ili ajue hakuna kibaya kilichotiwa humo. Mgeni akimaliza alirudisha kikombe kwa mikono miwili. Ni desturi ya huku, na mama aliirithi kwa mama yake. Baba, fundi cherehani ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, alimtania kwamba siku moja atashiba chai za watu akose nafasi ya chakula. Sisi watoto hatukuonjewa. Mtoto wa nyumbani alipewa kikombe chake anywe, na akichelewa aligombezwa.

Desturi hiyo nilikwenda nayo kazini. Nilikuwa mhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Ndera, na baadhi yao walikataa dawa kwa kuogopa sumu. Nikinywa kwanza funda moja la maji yao, nao wanakunywa. Hakuna aliyenifundisha hilo darasani, maana darasa lenyewe sikuliona.

Mwaka wa tisini na moja niliacha hospitali, nikachukuliwa na mwalimu mmoja, mama wa Kibelgiji, nimtunze mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa amepita miaka themanini, mguu mmoja umepooza, na alikuwa ameishi Zaire muda mrefu hata Kiswahili chake kilikishinda changu kwa matusi. Walikuwa wanajiandaa kurudi kwao, na mwalimu akaniambia kwamba nikimridhisha kwa kazi atanichukua. Niliitaka safari ile kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijavuka hata mpaka mmoja, na tayari nilikuwa napita sokoni nikijaribisha kofia za sufu ambazo Kigali hazina kazi.

Habari zilipofika mtaani, kila mtu akawa balozi. Mpiga chapa mmoja wa mtaa wa Kimisagara, aliyekuwa akijaza fomu za watu barazani, alinihesabia njia tatu. Kuna viza ya matembezi, niingie kama mtalii kisha nisirudi. Kuna ya masomo, niseme naenda kujifunza uuguzi. Na kuna ya kazi, ambayo mwajiri lazima akuombee kibali huko huko Ulaya, ndipo ubalozi ukugongee viza. Hiyo alisema inazeesha watu. Yeye alinishauri ya kwanza. Nilimuuliza ni mtalii gani anayesukuma kizee kwenye kiti cha magurudumu. Akakasirika, nami nikakasirika, tukaachana hivyo.

Mwalimu alichagua ile ya kuzeesha watu. Ilitaka mkataba, cheti cha daktari, cheti cha tabia njema, na barua yake ya kuniombea. Bila barua ile, hizo karatasi nyingine zilikuwa za kufungia karanga.

Barua ilikuwa mezani, bado haijatiwa sahihi, asubuhi aliponikuta nikinywa chai ya mama yake. Nilikunywa funda langu kama kawaida, nikampa bibi kikombe. Mimi nilikuwa namheshimu mgonjwa. Mwalimu aliona mhudumu mchafu anayedokoa vya watu. Alinipa maneno makali ya Kifaransa, akaamuru nisirudie tena, kisha akaichukua barua akaifungia kwenye droo. Ningeweza kujieleza, lakini mimi nikionewa hununa, na nikinuna naonekana nina hatia.

Basi nikaacha kuonja. Bibi naye akaacha kunywa. Siku ya kwanza alisema hana kiu. Siku ya pili midomo ilikuwa imemkauka, na binti yake alikuwa akimbembeleza kwa kijiko huku yeye amefumba mdomo. Mwishowe akausukuma ule mkono, akaninyooshea mimi kidole.

"Huyu kwanza," alisema. "Asipokunywa huyu, mie sinywi."

Hapo ndipo nilipoeleza habari za mama yangu na za Ndera. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Aliingia jikoni, akarudi na birika moja na vikombe viwili, akavijaza vyote mbele ya mama yake. Nikanywa changu. Bibi akanywa chake, akataka kingine. Mwalimu aliniomba radhi, na kabla sijaondoka siku hiyo barua ilikuwa imetiwa sahihi. Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wakanipisha.

Kibali kilichukua miezi. Siku tuliyoitwa ubalozini bibi alikataa kubaki nyumbani. Ofisa aliuliza kwa upole kwa nini mimi, wakati kwao kuna walezi wa wazee waliosomea kazi hiyo. Nikaanza kusema, kama tulivyolelewa tusijisifu, kwamba mimi najaribu tu kidogo, na mwalimu akanikanyaga mguu chini ya meza. Tulikuwa tumeletewa kahawa. Bibi alikitazama kikombe chake, akakisukuma hadi mbele yangu, akangoja. Nikanywa funda moja, nikamrudishia, akanywa. Mwalimu alikuwa akiangalia dirishani. Ofisa akauliza kama ndivyo ilivyo kila siku, naye mwalimu akajibu kwamba ni kila kikombe. Ofisa akaandika mistari kadhaa, na wiki iliyofuata pasipoti yangu ikarudi na viza ndani.

Uwanja wa ndege wa Kanombe tulifika mapema kwa kuogopa vizuizi vya askari njiani. Baba alikuwa amenishonea koti zito kwa kukisia baridi, mikono yake inanifunika vidole, nikalivaa hivyo hivyo kwa raha. Nilikuwa na furaha, sitaki kusema uongo. Mama akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, nami nikanyoosha mkono. Hakunipa. Alikipeleka kinywani mwake, akanywa funda moja huku akinitazama, ndipo akakiweka mikononi mwangu.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Njia iko mrefu."

Baba hakumtania. Nilikunywa chai yote ingali ya moto, nikamrudishia mama kifuniko kwa mikono miwili.