Flopi Kwenye Droo Yangu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa katibu muhtasi wa ofisi ndogo ya utalii pale Karatu. Siku moja bosi alimleta shemeji yake, fundi kutoka Arusha, aitengeneze kompyuta yetu ya zamani. Nilipomwomba asifute kitu kabla ya kuniuliza, alicheka mbele ya waongoza watalii wote.

"Dada, wewe rudi kijijini kwenu Qurus ukapalilie mbaazi. Mashine tuachie sisi."

Alifuta kila kitu, akapanga upya. Kompyuta iliwaka vizuri, ila kisoma CD hakikutambulika tena. Kilihitaji programu yake ndogo, draiva, nayo ilikuwa kwenye flopi, ile diski ndogo bapa ya kuhifadhia programu, niliyoifungia drooni. Niliiacha humo humo. Siku mbili nzima nilikunywa chai yangu nikimtazama akichomoa nyaya na kutokwa jasho kwenye baridi ile ya Karatu. Nilifurahi, sifichi.

Siku ya tatu bosi aliitaka CD ya picha za Kreta, lile bonde la volkano lenye wanyama, maana wageni walikuwa njiani. Alipoanza kufoka, nikaitoa flopi.

"Niombe radhi kwanza," nikamwambia fundi.

Alinong'ona.

"Wenzangu hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, macho chini. Nikamwondoa kitini, nikapakia draiva, nikaiwasha upya kompyuta. Taa ya kisoma CD ikapepesa, picha zikafunguka.

Bosi alitaka nimpe fundi ile flopi akainakili. Nikaitia kwenye pochi, nikaenda kula.