Saa Isiyofika Saa Tano

Bibi Subiri alipewa jina lake kazini. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye meza ya mapokezi ya shirika moja la bima, na kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia watu wasubiri. Alikuwa na namna tatu za kusema "subiri kidogo". Ya kwanza ilimaanisha mkubwa yupo lakini anakunywa chai. Ya pili, mkubwa hayupo. Ya tatu, mkubwa yupo, amekuona dirishani, na hatakuja kukuona mpaka unaingia kaburini. Watu waliounguliwa na nyumba na waliogongewa magari walijifunza kuzitofautisha, na wapo waliozeeka wakijifunza.

Nyuma yake, ukutani, palitundikwa saa. Yeye hakuwa na haja nayo. Ilikuwa mgongoni kwake, na mkononi alivaa yake. Wateja walikaa kwenye viti wakimkodolea macho kutwa nzima, au ndivyo alivyodhani, na kwa ajili yao alisuka nywele kila wiki na kubadilisha hereni. Mpaka siku moja karani wa hesabu, mtu asiyejua kunyamaza pale panapofaa kunyamaziwa, akamwambia kwamba wale hawamtazami yeye, wanatazama juu ya kichwa chake. Tangu siku hiyo aliichukia saa ile kwa moyo wote.

Basi alipostaafu, shirika likampa nini? Likampa saa. Ofisi ilikuwa inakarabatiwa, vya zamani vilikuwa vinatolewa nje, na mkubwa mpya, kijana wa tai nyembamba, alitoa hotuba ndefu juu ya uaminifu kisha akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Karatasi ilikuwa imetoboka kila upande kwa sababu kilichokuwa ndani kilikuwa na miiba. Katikati ni duara la shaba, ukubwa wa kisahani cha chai. Kutoka hapo zimechomoza fito za mbao na za shaba, ndefu na fupi kwa zamu, kama jua lililochorwa na mtoto wa chekechea. Namba haikuwa nayo hata moja. Watu walipiga makofi. Bibi Subiri alishukuru kwa ufasaha mkubwa, akaenda nayo nyumbani, akaipa jina la nungunungu na kuisukumiza chini ya kitanda.

Ingekaa huko mpaka leo kama goti lake la kulia lisingegoma. Lilipogoma, mwanawe alikuja na gari kumchukua akakae kwake. Mwanawe huyo ni mpima ardhi: anajua kuwaamulia majirani wanaogombania mpaka, akawatenganisha kwa kamba na vigingi, lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe hajawahi kusimamisha hata kijiti. Walipakia kabati, cherehani, viti viwili vyenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, na nungunungu.

Mkwe wake alivipokea vitu vyote kwa heshima, kisha akavipeleka stoo. Kabati, alisema, lilikuwa zito kwa macho. Vitambaa vilikuwa na kelele. Bibi Subiri hakuwahi kusikia kitambaa kikipiga kelele, lakini mgeni hana sauti.

Mkwe alikuwa mpambaji wa nyumba, na alijulikana. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu na kuwaambia watoe vitu walivyovihangaikia miaka mingi, nao walimlipa na kumshukuru. Sebule yake mwenyewe ilikuwa na kochi la kijivu, zulia la kijivu, kuta za rangi ambayo alisema si kijivu, na mti mmoja kwenye chungu, uliokuwa ukikauka polepole ili nao ufanane na wenzake. Kwenye ukuta mkubwa hapakuwa na kitu. Alikuwa akiutafutia kitu ukuta ule tangu aolewe.

Alipoifungua nungunungu, alipiga magoti sakafuni. Bibi Subiri alidhani amechomwa na miiba.

"Mama," mkwe alisema kwa sauti ya mtu aliye hospitalini, "umeipata wapi hii?"

Akaelezwa. Naye akaeleza kwamba hiyo ni saa ya mtindo wa kisasa wa katikati ya karne iliyopita, kwamba watu wanaitafuta kwa udi na uvumba, kwamba zinazouzwa sasa madukani ni za kuiga tu. Bibi Subiri alisikiliza kwa makini. Alitaka kujua kitu kinawezaje kuwa cha kisasa na cha karne iliyopita kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe alizaliwa katikati ya karne hiyohiyo, na hakumbuki kuitwa wa kisasa na mtu yeyote. Wala hakumbuki mtu aliyempigia magoti.

Nungunungu ikapanda ukutani, juu kabisa ya kochi, na betri ikatolewa. Mkwe hakutaka itembee. Aliipanga mishale kwenye saa nne na dakika kumi, kwa sababu hapo mishale yote miwili inanyanyuka kama mikono ya mtu anayeshangilia, na saa inaonekana imefurahi. Ndivyo zinavyopangwa kwenye picha zote za kuuzia saa. Ikitembea, alisema, itapita mahali pa kununa. Kwa hiyo nyumba ile ikawa saa nne na dakika kumi asubuhi, mchana na jioni. Fundi bomba mmoja aliyekuja kuziba sinki aliitupia jicho, akaona bado mapema, akafanya kazi kwa raha zake mpaka giza likamkuta chini ya sinki.

Bibi Subiri alijitahidi kuwa mwepesi katika nyumba ile. Alikula kidogo, alikohoa kwa kujizuia, kikombe chake alikiosha mwenyewe kabla hakijapoa. Chumba alichopewa kilikuwa kidogo lakini kilikuwa ndani, na dirisha lake lilitazama barabarani, na hilo kwake lilikuwa kubwa. Mtu aliyekaa mapokezi maisha yake yote anataka kuona nani anakuja.

Kisha jioni moja mwanawe akamletea chai. Hilo peke yake lilikuwa ishara mbaya, maana hakuwahi kuleta chai. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasifia hali ya hewa, akasifia goti, halafu akaanza kukisifia chumba cha nje kule uani, kilichokuwa kikiwekwa baiskeli na madebe ya rangi. Kingepakwa rangi. Kingewekwa taa. Na hewa ya kule, alisema, hewa ni nzuri sana.

"Hewa," alisema Bibi Subiri.

"Nzuri sana, Mama."

Ikatoka polepole, kama jino, kwamba mkwe alihitaji chumba cha kufanyia kazi. Bibi Subiri alimwambia amesikia. Mwanawe alipotoka, chai ikapoa mikononi mwake. Tusimpambe: aliogopa. Alijua namna mambo yanavyokwenda. Leo uani, kesho sahani inafuata uani, keshokutwa wageni wanauliza kama bibi bado yupo na mtu anapaswa kufikiri kabla ya kujibu. Kuwasubirisha watu alikuwa bingwa, ila kusubirishwa yeye hakujua.

Lakini mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Wiki ile nyumba nzima ilikuwa tumbo joto kwa sababu Jumamosi angekuja mpiga picha wa jarida la mapambo ya nyumba, na alichokuwa anakuja kupiga ni ukuta ule. Siku ya pili, wakiwa mezani wote watatu, Bibi Subiri akafuta mdomo, akasema kwa upole uliomshangaza hata yeye:

"Mwanangu, nimefikiri. Nitahamia uani. Nipigilie tu msumari kule, nikaitundike saa yangu."

Mpima ardhi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama ukuta. Kisha mkwe akagundua, papo hapo na kijiko mkononi, kwamba chumba cha uani kina unyevu, na unyevu na goti ni maadui wa tangu na tangu. Hewa ile nzuri ikaharibika palepale. Kuhusu kuhama, ikakubaliwa, hapana haraka.

Jumamosi Bibi Subiri alisuka nywele. Alivaa gauni la kijani, akaketi kwenye kochi chini ya saa yake kama mwenye mali. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akamsifia gauni, akachungulia kwenye kamera, akasema, "Samahani, Mama, sogea kidogo, unaikata miale." Akasogea. Akaombwa asogee tena kidogo, gauni linaleta rangi. Akasogea. Kwa kusogea kidogo kidogo akajikuta yuko jikoni, amesimama kando ya jiko, na huko sebuleni picha zikatoka nzuri ajabu.

Ushindi wake ukaanza kuchacha. Chumba alikuwa nacho. Chai sasa ililetwa bila kuombwa, na mto wa kuegeshea goti, na "Mama umelalaje" kila asubuhi. Alivipokea vyote, na kila kimoja alikigeuza upande wa chini kutafuta bei. Hakuweza kujua kipi ni chake na kipi ni cha nungunungu. Iliyobaki ndani ilikuwa saa, na yeye alibakizwa kama kibandiko cha jina la mwenye mzigo. Jambo hilo lilimuuma kuliko ambavyo uani kungemuuma.

Akaanza uchokozi. Akataka saa itembee. Alisema haoni raha kukaa chini ya saa iliyokufa huku macho wazi. Wageni walipokuja aliwaarifu kwamba katika nyumba ile haijawahi kufika saa tano, kwa hiyo wasitarajie chakula cha mchana. Mkwe alicheka na wageni, meno tu, na walipoondoka akamgeukia.

"Mama, ile ni ya kutazamwa tu. Haina kazi nyingine."

Alisema bila ubaya, akaenda kuosha vikombe. Bibi Subiri alibaki kwenye kochi na neno lile. Ya kutazamwa tu, haina kazi nyingine, na bado imepewa ukuta mzima. Yeye hata kutazamwa hatazamwi.

Ndiyo maana siku iliyofuata, nyumba ilipobaki tupu, alitoa betri kwenye rimoti ya televisheni, akaburuta stuli ya jikoni mpaka kwenye kochi, akapanda. Mtu mwenye goti la namna ile hapandi stuli. Alilijua hilo, angemwambia mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa amekula kiapo kwamba watu wale watarudi waikute inatembea, iwe imenuna au imecheka. Akaishika kwa chini, akanyoosha mkono kulifikia tundu la betri kule nyuma, na goti likafanya kile linachokifanya siku zote.

Alianguka pamoja nayo. Kochi lilimpunguzia, zulia likamalizia. Alipofumbua macho alikuwa amekaa sakafuni, amegeuka upande, nyonga inawaka moto, na amezungukwa na vijiti vya mbao na shaba kama mtu aliyekuwa akivunja kuni. Duara la katikati lilikuwa limebonyea. Mishale ilikuwa imeachana, mmoja chini ya meza, mwingine hauonekani.

Hakuwaza nyonga. Aliwaza chumba. Kilichokuwa kinamweka ndani kilikuwa vipande vipande mapajani mwake, na aliyekivunja ni yeye. Akaanza kuviokota vijiti kimoja kimoja na kuvisukuma chini ya kochi, mtu mzima mwenye mvi zake, akijificha kama aliyekula sukari ya mwenye nyumba. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye akayaambia yanyamaze.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Mkwe aliingia na mfuko wa vitambaa vya sampuli begani, akasimama.

Bibi Subiri alimwangalia machoni. Maisha yake yote alikuwa amesoma macho ya watu kutoka chini ya saa ile, na aliyangoja yaende ukutani, kwenye msumari mtupu, kisha sakafuni kutafuta vipande. Mfuko ulianguka. Mkwe alivuka zulia moja kwa moja, na chini ya kiatu chake kitu kikavunjika, kru.

"Umekanyaga saa," alisema Bibi Subiri.

"Unaumia wapi?"

"Nimeivunja. Ni mimi."

"Mama, nimekuuliza unaumia wapi."

Akamwonyesha nyonga. Mkwe alipiga magoti, akaipapasa, akamwambia akunje mguu, akaukunja. Akamwambia anyooshe, akanyoosha. Bibi Subiri alilitafuta neno moja tu la kejeli, maana huwa anayo akiba, akalikosa.

"Na chumba?" akauliza.

"Chumba gani?"

Halafu akaelewa ni chumba gani, na akaona haya. Akaketi kabisa sakafuni, sketi nyeupe juu ya vumbi la shaba.

"Bado nakihitaji," alisema. "Sitakudanganya. Nafanyia kazi kwenye meza ya chakula, kila nikitandaza kitu watu wanataka kula. Lakini nimefungua mlango nimekuona chini hivi, nikajua umekufa." Akaanza kulia, si kilio cha mapambo, kile cha pua.

Bibi Subiri alimngoja amalize. Akamfuta uso kwa upindo wa gauni lake.

"Lete hiyo meza yako," alisema. "Iweke pale dirishani, mimi kitanda nitakivutia ukutani. Tutakaa wote. Lakini sitoki, nakwambia mapema."

Mkwe akaitikia kwa kichwa. Akampitishia mikono kwapani, akamwambia asijikaze. Na Bibi Subiri, aliyejifanya mwepesi tangu siku aliyoingia nyumba ile, akamwachia uzito wake wote.