Boksi ya Umeme ya Yaya Feza

Ninayoyasema hapa sikuambiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kipimo cha volti mkononi. Ukitaka kuamini, amini, usipotaka, basi. Daftari langu la vipimo ninalo mpaka leo, na namba zilizomo hazikusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Katuba. Ndiyo, mimi mwanamke. Mteja mpya akiingia huuliza, "Fundi iko wapi?" nami humwacha asimame kidogo ndipo nimjibu. Sisi ni Waislamu wa Maniema, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kwetu mtu hakati nguo kabla ya kupima. Basi mashine ikifika mezani kwangu sibahatishi kama wenzangu wa mji huu. Napima. Ndani ya kompyuta kuna boksi ya chuma inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Waya wake wa njano unatakiwa utoe volti kumi na mbili. Ukishuka chini ya kumi na moja nukta nne, ujue hapo pana ugonjwa. Hakuna uchawi.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa Yaya Feza, mwenye chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi umri, lakini alikuwa rafiki yangu wa kweli. Nilipokuwa sina hata msumari, yeye ndiye aliyenipa pembe ya chumba chake niweke meza yangu ya kwanza. Akipita mlangoni kwangu hakosi neno: "Fundi, mutaoana lini na ile kipimo yako?"

Jumatatu moja mashine yake ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimeifuta vumbi, nimeifunga, inamngoja mwenyewe. Umeme ulikuwa umerudi karibu saa sita, baada ya kukatwa tangu asubuhi. Hapo ndipo akaingia mwanaume mwenye shati jeupe, amebeba kompyuta iliyofungwa katika kitenge. Aliisalimu meza yangu kabla ya kunisalimu mimi. Akasema anafanya kazi ya karatasi za forodha kule Kasumbalesa, mpakani, na kwamba mashine ni ya mke wake.

"Imechoka, mama," akasema. "Pima."

Nikaiwasha, nikapima. Kumi na moja na mbili. Unajua alichoniuliza? Wateja huuliza ina nini, itapona lini. Yeye akauliza, "Inabakia ngapi?" Nilipomtajia, akafumba macho. "Jana ilikuwa kumi na moja na ine," akasema.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Sisi mafundi tuna mchezo wetu, na usidhani fundi wako haufanyi. Ukitaka kujua kama boksi ni mbovu, unachomoa boksi nzima kutoka mashine ya mteja mwingine, unajaribu, kisha unairudisha. Dakika tano, na mwenyewe hajui. Iliyokuwa karibu ni mashine ya Yaya Feza. Nikachomoa boksi yake, ile niliyoitia alama ya kutex nyekundu kwa mkono wangu, nikaiunga kwenye mashine ya yule bwana. Kumi na mbili na moja, imetulia.

Akaweka kiganja juu ya mashine, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Kisha akaniangalia. "Mwenye hii boksi, anajua?"

"Anajua," nikasema.

"Anakubali?"

"Anakubali."

Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Kwa kujifanya fundi wa maana mbele ya mgeni, basi. Ningesema hapana, naamini angeondoka kama alivyokuja.

Umeme ukakatika tena palepale. Nikazunguka nyuma kuwasha jenereta, nikahangaika na ile kamba, na niliporudi hapakuwa na mtu. Mashine hakuna, kitenge hakuna, boksi ya Yaya Feza hakuna. Mezani imebaki ile boksi mbovu ya mgeni. Nikatoka mbio. Mama muuza makaa hukaa mlangoni kwangu toka asubuhi, hata kuku hapiti asimwone. "Mwanaume gani?" akasema. "Tangu kuran ya umeme irudie, akuna muntu aliingia kwako."

Aibu ilinizidi hofu. Yaya Feza alikuwa anakuja saa kumi. Ningemwambia nini? Nikaifunga ile boksi ya mgeni ndani ya mashine yake, nikijisemea nitaibadilisha kabla ya Jumamosi. Alipokuja ikawaka. Akanitania, akacheka, akaondoka nayo.

Jumanne aliniambia miguu inamkataa. Jumatano nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, mikono baridi, watu wanangoja fotokopi. Nikasingizia nataka kuikagua mashine, nikapima. Kumi na moja kamili. Alhamisi, kumi nukta nane. Ijumaa watoto wake wakampeleka hospitali. Damu safi, moyo safi, madaktari hawaoni kitu, na mtu anaisha hivihivi mbele yao.

Jumamosi nilinunua boksi mpya. Nikaipima mezani: kumi na mbili na moja. Nikaiingiza ndani ya mashine ya Yaya Feza, waya zilezile, mkono uleule: kumi nukta sita. Nikatoa diski, nikatoa kadi, nikabadilisha waya wa ukutani. Kumi nukta sita. Kwa elimu yangu yote mashine ile haikutakiwa hata kuwaka. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sioni haya kusema.

Ndipo nilipoigeuza ile boksi ya mgeni, nikaona kipande cha plasta kimebandikwa ubavuni. Mafundi huandika hapo jina la mteja. Iliandikwa: Ilunga, mtaa wa Hewa Bora, na jina la barabara.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni. Alinifungulia mwanamke mwembamba mwenye uso wa mtu aliyetoka kuugua, anatabasamu. Nikamdanganya kwamba nakagua mashine za wateja. Uongo ulikuwa umeshanizoea.

"Karibu, mama," akasema. "Ile ni mashine ya bwana yangu. Alikuwa anatumikaka Kasumbalesa, kazi ya forodha. Alikufaka, sasa myaka tatu." Kisha akaniambia, bila kuulizwa, maana furaha ilikuwa imemjaa: yeye alikuwa hospitali mwezi mzima, wanamngoja afe, na Jumatatu saa sita akaamka akaomba ugali. "Mungu iko muzuri," akasema. "Nilirudia hapa, hata mashine nikaikuta inatembea, inawaka."

Akaenda jikoni kunitafutia maji ya kunywa. Nikafungua ubavu wa mashine. Ile alama nyekundu ya kutex ilikuwepo, inaniangalia. Nikapima: kumi na mbili na moja. Turnevisi ya kufungulia mkononi, skurubu nne tu, kazi ya dakika mbili. Jikoni nilimsikia anaimba, na sauti ilikuwa bado dhaifu, anaikatisha, anaianza tena.

Ungefanyaje wewe? Usijibu haraka. Rafiki yangu anakufa, na mama huyu hakuniibia kitu. Nilifungua skurubu moja. Uimbaji ukakatika, nikasikia kikombe kinaanguka. Nikaikaza. Nikasikia anacheka peke yake, anajiita mjinga kwa kuvunja kikombe.

Nilikunywa maji yake, nikaaga.

Jioni ileile nilikwenda hospitali kwa Yaya Feza, nikamweleza yote, tangu boksi mpaka kikombe. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Muache yule mama," akasema. Kisha akageuza uso ukutani. "Lakini ungeniuliza, mudogo wangu. Ungeniuliza tu." Jumanne alfajiri alifariki, na nilipofika chumbani kwake kuiwasha mashine haikutoa hata volti moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakikuniumbua, na huo ndio mzigo wangu. Watoto wa Yaya Feza wananiita mama mudogo. Binti yake ndiye anayeendesha kile chumba sasa, na mashine yake mpya haipeleki kwa mwingine, eti mimi ndiye fundi ambaye mama yake alimwamini. Na yule mama wa Hewa Bora hutoka kule na kompyuta yake kila kiangazi nimfutie vumbi. Amenenepa, ana genge la mboga, ananiletea sombe, majani ya muhogo. Kila mara nafungua, naiona ile alama, nafuta vumbi kuizunguka, nafunga.

Wewe unayepeleka mashine kwa fundi, usiiache ukaenda zako. Kaa, uone inavyofungwa. Na wewe fundi mwenzangu, unayesema ni dakika tano tu na mwenyewe hatajua, nenda kwanza kamuulize. Kutoka meza yangu mpaka mlango wa Yaya Feza ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu baadaye. Siku ile alikuwepo, amekaa, hana hata mteja mmoja.