Siku Niliyomnyang'anya Tingatinga Pembe

Jamani, hii nawaambia kwa sababu najua mmeisikia nusu nusu na watu wanaitia chumvi, basi afadhali niaibike kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua mimi huchora picha za fulana kwa kompyuta pale mjini Kakamega. Sasa mashabiki wa fahali mmoja wa kijiji cha Malinya, jina lake Tingatinga, walitaka fulana za kuvaa siku ya pambano la mafahali, wakaniita niwaonyeshe mchoro. Kazi hiyo niliitaka kwa udi na uvumba. Nikamchora Tingatinga mweusi, vumbi la rangi ya waridi limetimka chini ya tumbo, na pembe nikazitia rangi ya maziwa, nyembamba, juu ya weupe mtupu (kwenye laptop zilipendeza, naapa). Bosi wangu akaniambia, "Wahi mapema uijaribu projekta ukutani." Mimi nikapitia saluni kusukwa nywele.

Kufika, wazee wamejaa ukumbi wa kanisa, jua la saa sita linaingia kwa madirisha makubwa, pazia hakuna hata la dawa. Nikawasha projekta. Pembe zimemezwa na mwanga, hazionekani kabisa, na lile vumbi la waridi limening'inia katikati ya miguu ya nyuma kama kiwele.

Mzee Lusimba, mwenye fahali, akausogelea ukuta, akauliza kwa upole, "Mama, huyu anakamuliwanga asubuhi ama jioni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kwetu fahali wa mtu ni heshima yake, pembe zenyewe hunolewa zikachongoka, na mimi nimemwonyesha mbele ya watu wake ng'ombe wa maziwa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Pembe ziko, mzee, njoo uzione kwa laptop!"

"Sisi tulikuja kuangaria ukuta."

Hapo mwenye akili angefunga vyombo vyake akaomba siku nyingine. Mimi nikakimbilia jikoni mwa kanisa, nikarudi na kipande cha makaa, nikamchorea fahali pembe palepale ukutani, nene, ndefu, nyeusi tititi. Wazee wakapiga makofi! Mzee Lusimba akatabasamu, "Sasa huyo ndiye." Nikajiona fundi wa mafundi, nikabonyeza kwa madaha picha iliyofuata, ile ya mgongoni mwa fulana.

Mgongoni nilikuwa nimeweka uso wa Mzee Lusimba.

Zile pembe za makaa zilimkaa kichwani sawasawa, utadhani alizaliwa nazo. Mzee alichukua kofia yake, akaivaa polepole, akatoka, na wenzake wakamfuata wakijikaza wasicheke. Kazi ikaenda kwa fundi wa kuchora mabango kwa brashi, nami nikabaki nasugua ukuta kwa sabuni huku katekista amenisimamia.

Siku hizi nachora mistari minene, na ukumbini nafika kabla ya yule wa kufungua mlango. Na kama kuna picha ya mwenye mali, hiyo ndiyo naanza nayo, mnyama atafuata baadaye.