Nilivyodhani Benki Itajikatia Yenyewe

Aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa wenzangu wa Ziwani, kijijini kwetu, hawana kifua, bora mnisikie mimi kabla haijawafikia imeongezwa chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu (ndiyo, hesabu), nakaa Chuno hapa Mtwara mjini, na katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu mwenye kadi ya mkopo ya benki, jambo ambalo nilihakikisha hakuna asiyelijua. Basi Zuhura, binti wa kaka yangu, alipoingia unyagoni, nikajitwika sare: vitenge vya wanawake ishirini wa kumtoa mwali nje. Nikaagiza Dar kwa kadi, vikaja vya kijani badala ya zambarau, nikavirudisha, na duka kwa uungwana likarejesha hela kwenye kadi yangu. Wakati huo ankara ya mwezi ilikuwa imeshatoka inataka nilipe, lakini nilipoona hela imeingia nikasema, si watajikatia humohumo?

Msinicheke. Sisi tumekulia kwenye korosho. Ukipeleka mzigo chama cha msingi, deni lako la pembejeo linakatwa hukohuko, wewe unapewa kilichobaki, hakuna anayekuja kukudai mlangoni. Nikajua na benki ni hivyohivyo, tarehe ya kulipa ikapita nami nimelala usingizi wa pono.

Siku tatu kabla ya mwali kutoka, nikaenda na wifi yangu Somoe, mama yake Zuhura, na wanawake wengine sita kwenye duka la vitambaa linalopokea kadi. Vitenge vikakatwa, vikafungwa, vigelegele vikapigwa, nikatoa kadi kwa vidole viwili, mashine ikakataa. Tukarudia, ikakataa. Hapo ningesingizia mtandao tukaondoka salama, lakini mimi na kujiamini kwangu nikapiga simu benki, tena nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie ninavyowatoa jasho.

"Dada, mimi mwalimu," nikamwambia aliyepokea. "Mna hela yangu ya marejesho humo, halafu mnanifungia kadi?"

"Marejesho tumeyaona, mwalimu," akajibu taratibu. "Yamepunguza deni, ila hayahesabiki kama malipo yako ya mwezi. Kile kiwango cha chini hukulipa, tarehe imepita, ndiyo maana kadi imesimamishwa na kuna faini ya kuchelewa. Na riba ipo, hata ya vile vitenge, kwa siku zile kabla hela haijarudi."

Nikatafuta pa kuizima simu.

"Kumbe na riba imo," akasema Somoe, naye ni mtu wa swala tano. Akafungua pochi, akatoa hela ya korosho aliyoiweka kwa ajili ya godoro la mwanawe.

"Wifi, acha, nitalipa kesho."

"Kesho fundi atashona saa ngapi? Mwanangu atoke na watu wamevaa madera ya nyumbani?"

Akalipa. Nilijisikia vibaya sana, maana godoro lile alilipanga tangu msimu uanze. Mshahara ulipoingia nikamrudishia yote, na siku hizi ankara ikitoka nalipa kabla ya tarehe, marejesho yaje yasije, na simu ya benki naipokea chooni nimejifungia.

Lakini hilo halikuniokoa siku ya mwali. Zambarau imependeza, ngoma imekolea, nami nacheza kifua mbele, mara waimbaji wakageuka upande wangu: shangazi ana kadi, kadi ina riba, wifi kamkomboa. Ningefanya nini? Nikazidi kucheza. Mwali anatakiwa ainamishe uso, asicheke mbele za watu, na Zuhura alikuwa amefundwa akafundika, lakini ubeti wa pili ulipofika nikamwona mabega yanatikisika.