Gadi Moja na Mkebe wa Mama

Kwetu upande wa Mbumbuni, mvua ikianza kunyesha hakuna mtu mwenye akili anayebaki ndani ya nyumba. Watu wa nchi za mvua husikia radi wakafunga madirisha. Sisi tukiisikia tunashika karai. Tunatoa ndoo, sufuria, mitungi, hata beseni la kuogeshea mtoto, tunavipanga chini ya mabati, na watu wazima wanakimbizana huku na huku wamelowa chepechepe, wakiondoa kilichojaa na kuweka kitupu. Mto uko mbali na punda naye huchoka.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinihukumu kwa kukimbilia maji. Anihukumu kwa yale mengine.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Stima ilipofika sokoni kwetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa kati ya watu wa kwanza kuivuta hadi nyumbani. Nikanunua televisheni, kisha nikanunua friji ndogo kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamishwa. Friji nilisema ni ya mama. Nilisema hivyo kanisani, nikasema hivyo shuleni, na watu wakanisifu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alichomwa sindano kila asubuhi, na mke wangu ndiye aliyemchoma, kwa maana mkono wangu hutetemeka nikiona sindano. Alikaa kwenye nyumba yake ndogo humo humo bomani, hatua chache kutoka mlango wangu. Kabla ya stima aliiweka chupa ya dawa ndani ya mtungi mdogo wa udongo ipate ubaridi, na mtungi wenyewe ukakaa kwenye karai la mchanga alioumwagia maji asubuhi na jioni. Miaka nenda miaka rudi dawa ilikaa mle na haikumletea shida hata siku moja.

"Mama, mtungi ni mambo ya zamani," nilimwambia siku friji ilipofika.

Aliizunguka ile friji, akaigusa mlango. "Na stima ikipotea?"

"Itarudi."

"Na ikirudi na hasira?"

Hapo mama alikuwa ameuliza swali la maana, kwa sababu stima yetu ilikuwa na tabia hiyo. Ilipotea bila kuaga, na iliporudi ilirudi na nguvu nyingi, balbu zikapasuka. Jirani yangu kinyozi alikuwa ameshaunguza redio na mashine ya kunyolea kwa siku moja. Watu wakaanza kuzungumza juu ya gadi, yaani kile kisanduku unachokichomeka kwenye soketi, halafu chombo chako ukakichomeka kwenye kisanduku, ili stima ikija vibaya gadi iikate kabla haijafika. Nikafunga safari hadi Sultan Hamud kuitafuta.

Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo mjini, lakini ukoo wake ulitoka pwani na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha vitabu vyangu vya shule. Aliweka gadi mbili juu ya kaunta.

"Hii ni ya televisheni, mwalimu. Umeme ukizidi inakata papo hapo. Na hii ni ya friji. Nayo inakata, lakini umeme ukirudi inauzuia kwanza dakika kadhaa mpaka utulie. Friji haipendi kushtuliwa."

Nilimwambia mfuko wangu siku hiyo unatosha moja tu.

"Basi kipi kikiungua kitakuuma zaidi?"

Sikufikiri hata kidogo. "Televisheni," nikasema.

Akanifungia ile ya televisheni kwa gazeti. Yeye hakujua friji yangu ina nini ndani, na mimi sikumwambia. Kama ningemwambia, najua angenifungia ile nyingine, pengine hata kwa mkopo. Lakini Jumapili baada ya ibada sebule yangu ilijaa majirani, wazee wakiketi kwenye viti na vijana sakafuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutazama friji. Nilipenda kujaza sebule. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Kuhusu friji nilijipa dawa ya bure: tutakuwa tunaichomoa kukiwa na radi. Na kweli tulichomoa, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa askari wa jambo hilo. Wingu likipita tu upande wa milimani, unamsikia uani kwake: "Chomoeni!" Watoto wangu walimwiga, wakicheza wanaitana "Chomoeni, chomoeni," na yeye akicheka nao. Nami nikajiona mjanja, nimepata gadi ya pili bila kutoa hela.

Kisha ukaja ukame. Misimu miwili ilikufa. Ilipofika mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata tulikuwa tumesahau hata harufu ya udongo uliolowa. Siku moja, saa kumi jioni, mbingu ikafunguka bila kutupa nafasi ya kujiandaa.

Mama alitoka mbio. Mwanamke mzima, mgonjwa, na sufuria kichwani, anacheka mpaka mapengo yanaonekana. Mke wangu akatoka na ndoo, watoto wakatoka na vikombe. Mimi niliingia ndani kwanza, nikaichomoa televisheni kutoka kwenye gadi yake, nikaifunika kwa kitambaa, kisha nikakimbilia nje. Televisheni yenye gadi ndiyo niliyoichomoa. Friji isiyo na gadi niliiacha. Na hakuna aliyepiga kelele "Chomoeni," kwa sababu mwenye kupiga kelele hiyo alikuwa kwenye maji anabadilisha karai.

Radi ilipiga kule kwenye nguzo za sokoni. Kupitia dirishani niliona balbu ya sebuleni ikiwa nyeupe kama jua, halafu ikapasuka, stima ikapotea. Nilikumbuka friji wakati huo huo. Nilisema moyoni kwamba yaliyokwisha yamekwisha, nikaendelea kukinga maji.

Stima iliporudi kesho yake, friji ikanguruma. Nilisimama mbele yake nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa, friji hunguruma kisha ikanyamaza, ikipumzika, halafu ikaanza tena. Hii yetu kuanzia siku hiyo haikunyamaza. Ilinguruma asubuhi, ikanguruma mchana. Maji kwenye chupa yakawa barafu, watoto wakayavunja na kuyatafuna kama miwa. Niliifurahia hali hiyo. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba radi imeipa friji yangu nguvu mpya, tukacheka.

Mke wangu ndiye aliyesema, wala si mara moja. "Hii chupa ya mama asubuhi naikuta na barafu. Lazima niiache mezani mpaka iyeyuke ndiyo niweze kuvuta dawa."

"Si ndiyo kazi ya friji?" nikamjibu. "Nesi alisema ikae kwenye baridi. Au unataka turudi kwa mtungi?"

Tangu hapo akazoea kuitoa mapema, anapowasha jiko la uji.

Wiki ya pili mama akaanza kukonda. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari, na usiku hakulala kwa kwenda chooni. Macho yakaingia ndani. Hizo ni dalili za sukari kupanda, nilizijua, nilishazisoma kwenye kikaratasi cha kliniki. Na kwa kuwa dawa ilikuwa inachomwa kila siku, tena dawa iliyokaa kwenye friji yangu, nilijua kosa liko wapi. Liko mdomoni mwa mama.

"Mama, unakula sukari."

"Sijaonja, mwanangu."

"Mwili hauwezi kupanda sukari bila kula."

"Sijaonja."

Mimi ni mwalimu. Miaka yote hiyo nimewasikia watoto wakiniambia "sikuwa mimi, mwalimu," na chaki imo mfukoni mwao. Nikamtazama mama yangu mzazi kwa jicho lile lile. Nyumbani kwake alikuwa na mkebe wa sukari aliouweka kwa ajili ya wageni, kwa maana ilikuwa aibu kubwa kwake mgeni apewe chai isiyo na sukari. Jumapili moja alipokuwa kanisani, ameshikwa mkono na wajukuu, niliingia kwake, nikaufungua mkebe, nikaisawazisha sukari kwa kiganja, nikakwaruza mstari kwa msumari ndani ya bati pale sukari ilipofika. Wageni hawakuwapo siku hizo, kila mtu alikuwa shambani akipanda. Nikasema moyoni, sasa nitamnasa.

Lakini hata kabla sijarudi kukagua, nilipata ushahidi mwingine. Asubuhi ya Jumanne nilimsaidia kuketi, akapumua karibu na uso wangu, na pumzi yake ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Ulikuwa msimu wa maembe. Kila boma lilikuwa na maembe mpaka mbuzi wameyachoka.

"Leo umekula embe," nikamwambia. "Usinidanganye, nalisikia kwenye pumzi."

Mama hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kama nimekula embe, kokwa iko wapi?"

Na mimi, mtoto wake wa kwanza, nilitoka nje nikazunguka nyumba yake kutafuta kokwa. Nilifukua majivu kwa fimbo. Nilitazama chini ya kitanda. Sikuipata, nikarudi nikamwambia bila shaka ameitupia mbuzi. Nikawakataza watoto wasiingie kwake na tunda lolote, nikaenda shuleni.

Jioni nilimkuta hawezi kusimama, anahema kama mtu aliyekimbia. Jirani mwenye pikapu akatubeba. Mke wangu alipakata kichwa chake nyuma, mimi nikamshika miguu. Mbali sana, upande wa Kitui, radi ilinguruma mara moja. Mama akafumbua macho.

"Mmechomoa?" akauliza.

"Tumechomoa, mama," nikasema, na sikuwa nimechomoa kitu. Hilo ndilo neno la mwisho tuliloambiana.

Hospitalini nesi alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alituuliza dawa tunaiweka wapi. Nikamjibu kwa fahari, Mungu anisamehe, kwamba tunaiweka kwenye friji. Mke wangu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi inaganda.

Nesi akaacha kuandika. "Inaganda mpaka barafu?"

"Ndiyo."

"Dawa hii ikiganda imekufa. Mmekuwa mkimchoma maji."

Nilimwambia kuhusu embe. Nilitaka sana kuwe na embe. Akatikisa kichwa, akaniambia harufu ile si ya tunda, ni ya ugonjwa wenyewe ukishamzidi mtu, mwili ukianza kujila. Alinieleza polepole, jinsi ninavyomweleza mtoto aliyeshindwa na hesabu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, na sikumbuki nilivyotoka pale.

Mama hakuamka. Alfajiri ya Alhamisi walikuja kutuita.

Baadaye fundi aliifungua friji, akanionyesha vichuma viwili vidogo, kila kimoja kama ukucha wa mtoto. Kazi yao ni kugusana na kuachana, ndipo friji iwake na kuzima. Ile nguvu ya siku ya mvua ilikuwa imeviunganisha, vikashikana. Friji haikuweza tena kujizima. Fundi akasema ingekuwa na gadi yake pengine ingepona. Alisema tu kama mtu anayezungumzia kazi yake, wala hakujua anazungumza na nani. Televisheni ilikuwa sebuleni, nzima kabisa, na ilikaa miaka mingi bila kuharibika. Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Ya kwangu yalikuja pale pale na hayajaondoka.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi, na wakati wa mchana wanawake wa kanisa waliokuwa jikoni wakaishiwa sukari ya chai. Mke wangu akaniomba niende nyumbani kwa mama nikalete ile ya mkebe. Nilikwenda bila kufikiri chochote. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Kwenye kona ule mtungi mdogo ulikuwa bado umekaa ndani ya karai, mchanga umekauka.

Nilifungua mkebe, ndipo nikakumbuka.

Sukari ilikuwa imeshika unyevu kidogo juu, imekuwa ngumu, na alama ya kiganja changu bado ilionekana. Ilikuwa imelala sawasawa kwenye mstari wangu. Hakuna kijiko kilichoingia mle. Niliketi kitandani kwake na mkebe mapajani, nikalia kwa sauti, nikimwambia nimeona, mama, hukuonja, mpaka mke wangu akaja mlangoni kuuliza sukari iko wapi.